Kistari Juu ya Herufi

Mashine mpya zilifika Januari, thelathini na moja,
zikapandishwa ngazi za idara ya maji, Daugavpils,
mji ambao theluji huchotwa kwa sepetu tangu alfajiri.
Zilikuja na nyuso tupu. Buluu, basi.
Na watu waliozoea kukuta mali yao mlangoni
wakaketi mbele yake kama wageni wasiopewa kiti.

"Nyaraka zangu ziko wapi?" Pale pale, nikasema.
"Printa?" Ipo. "Ramani za mabomba za mwaka juzi?"
Zipo, zipo, ila chumba cha ndani,
na hicho cha ndani nacho kina chumba chake.

Skaidrīte wa malipo hakuuliza.
Alichukua kalamu, nyuma ya bili iliyoharibika
akaandika hatua kumi na moja: bofya hiki, shuka, kulia, subiri,
usiguse ile ya njano, shuka tena,
akaibandika chini ya kioo kwa plasta ya kidonda.
Kila asubuhi aliifuata kwa kidole
kama mtoto wa chuoni anayeogopa kuruka aya.

Ijumaa jioni nilibaki mimi na radieta inayokohoa.
Nikaandika mistari kumi na tisa.
Ni amri, si tungo, ingawa nazo hugoma
ukiweka nukta pasipo pake:
kwa kila jina lililomo humu
nenda kwenye uso wake,
weka alama nne: nyaraka, printa, mtandao, pipa la taka.
Kila alama iwe njia ya mkato, kidole tu.
Kidole kinachoonyesha chungu si chungu;
ukikikata, mchuzi haumwagiki.

Nikabonyeza. Majina yakateremka kwenye kioo cheusi:
Pjotrs, sawa. Vija, sawa. Jolanta, sawa.
Nilikuwa nimeshavaa koti. Sikusoma hadi chini.

Jumatatu, kwenye uso wa Skaidrīte,
alama nne nyeupe, macho ya samaki wa kuchemsha.
Unabofya, hakuna kitu.
Nikafungua kumbukumbu za usiku ule, nikaliona jina lake:
Skaidr, kisha alama ya kuuliza, kisha te.
Wenzake wote walinyolewa vistari siku ya kusajiliwa
wakanyamaza. Yeye alirudi dirishani mara tatu
mpaka kikawekwa, kale kamstari juu ya herufi moja,
na skripti yangu, iliyofundishwa alfabeti fupi,
ilifika pale ikajikwaa,
ikamtafuta mtu asiyekuwepo.

Nikamweleza, masikio yakiniwaka.
Hakukasirika. Alikuwa akimenya yai.
"Kitabu changu cha kwanza cha kazi," alisema,
"waliniandika kwa herufi za watu wengine.
Kadi ya hospitali, bila kistari. Hati ya mazishi ya mama,
mimi ni shahidi, bila kistari.
Huyo wanayemwandika simjui, Edvīn.
Sijui hata anakaa wapi."

Edvīn. Akalivuta, vile mama yangu alivyolivuta.
Mimi mwenyewe, mlangoni kwangu pa kuingilia,
ni Edvins. Sikuwahi kurudi dirishani.

Dawa ilikuwa kisanduku kimoja, tiki moja:
hifadhi faili kwa alfabeti pana. Nikabonyeza tena.
Sekunde tatu. Macho ya samaki yakapata mboni.
Akabofya nyaraka; zikafunguka zote,
bili za mji mzima, maji yaliyonywewa na yaliyovuja.
Akasema "hm." Akafunga.

Karatasi yake haikubanduka.
Mwezi wa tatu sasa, plasta imeota weusi pembeni,
na alama zangu ziko pale, nzima, zinang'aa.
Siku nyingine huzitumia. Siku nyingine nampita
nakuta kidole kiko hatua ya saba,
usiguse ile ya njano,
na midomo inacheza.
Nilimuuliza mara moja tu.
"Wewe ulisahau kistari," alinijibu.
"Karatasi haikusahau."